Mbwa Aliyesingiziwa Kufunga

Mume wangu alimleta yule mbwa kutoka Mwaya ndani ya tenga la kuku, juu ya magunia ya mpunga, akaniambia ni wa ghala tu. "Ndani haingii, barazani hakanyagi, na jina hatumpi. Jina ni la watu." Nikamwambia haya bwana, lakini maji ya kumnywesha utachota wewe mwenyewe. Hakuchota hata siku moja. Mbwa akawa wangu kuanzia jioni ile, na lawama zake zikawa zangu pia, maana wazee wetu walitoka Tanga na ukoo mzima mpaka leo wakiona mbwa wanakunja kanzu.

Sisi ni watu wa duka, hapa Mbugani, Kyela. Mimi nauza kanga, vitenge, mashuka na mitumba kidogo, yeye ananunua mchele huko Ikolo na Mwaya na kuuweka kwenye ghala nyuma ya nyumba. Ghala lilikuwa likivunjwa kila msimu, na mbwa wa ulinzi dini inamruhusu, kwa hiyo hapo sikuwa na neno. Shida ni mate yake. Ukiguswa na mate ya mbwa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na mume wangu katika jambo hilo hana mzaha. Akaniwekea ndoo ya udongo karibu na bomba la uani, kama vile mimi ndiye mwenye kupaka rangi nyumba za wenyewe.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala tangu alipozaliwa. Alikuwa mwizi wa usipa. Nikianika wale samaki wadogo kwenye ungo, nikigeuka tu kumhudumia mteja, ungo una pengo katikati. Nilimfokea kutwa. Mume wangu alikuwa akisema sauti yangu ndiyo inayolinda ghala, mbwa ni pambo tu.

Kabla hajatimiza mwaka, akaanza kuacha chakula. Anakwenda kwenye bakuli mbio kama kawaida yake, ananusa, analamba juu juu, halafu analia na kurudi nyuma. Mate yanamchuruzika. Paji la uso likavimba pande zote mbili, macho yakatoka nje kidogo. Siku niliyomgusa shavu kwa bahati mbaya alipiga ukelele hata wateja wangu wawili wakaacha kanga na kukimbilia barabarani.

Jirani yangu, mama Mnyakyusa anayeimba kwaya ya Wamoravian kwa sauti ya kuvunja vioo, alimchungulia kupitia ua wa matete akasema, "Dada, huyo ana kichaa. Mfungieni." Sikumjibu vizuri. Lakini nilimfungia, kisha nikampigia simu bibi mifugo.

Bibi mifugo wetu ni binti wa Singida aliyeletwa huku na serikali, anapanda pikipiki na mabuti ya mvua, na kazi yake kubwa ni ng'ombe na nguruwe. Yeye ndiye aliyemchanja mbwa wetu sindano ya kichaa siku ya kampeni, lakini hata hivyo alitukataza tusimsogelee. Alimwacha amefungiwa ghalani, akawa anapita kila siku kumtazama kwa mbali, mpaka aliporidhika kwamba si kichaa. Ndipo akavaa glavu, akamkaba kwa magoti, akajaribu kumfungua kinywa. Hakikufunguka. Meno ya juu na ya chini yaliachana upana wa kidole chako kidogo cha mwisho, basi, na mbwa analia mpaka mimi naziba masikio.

Alimrekodi kwa simu, akampelekea mwalimu wake wa chuo kule Morogoro. Jibu lilirudi jioni, na akaja kutueleza dukani, mimi nikiwa nyuma ya meza na mume wangu amekaa juu ya robota la mitumba.

"Mama, mwili wake wenyewe ndio unaomshambulia," alisema. "Askari wa mwili wamekosea adui. Wanapiga misuli ya kutafunia, hiyo peke yake, mingine wanaiacha. Kwa sasa misuli imevimba na inauma. Tukichelewa itakufa, itakakamaa, na kinywa kitafunga moja kwa moja."

"Kikifunga?"

"Kikifunga hali wala hanywi. Atakufa na njaa chakula kikiwa mbele yake."

Nilimtazama yule mbwa, amelala mlangoni kidevu chini, macho juu kwangu. Siku ile ndipo nilipojua kwamba nampenda. Sikupenda kujua.

Mume wangu, ambaye kila ugonjwa duniani anautibu kwa dawa yake ya mgongo, akatoa pakiti mfukoni. "Hii diklofenaki je? Mimi nikimeza nusu saa tu nabeba gunia."

"Baba, hiyo usimpe hata nukta. Itamtoboa tumbo."

"Mbona mimi hainitoboi?"

"Wewe si mbwa, baba."

"Mshukuru Mungu," nikamwambia.

Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi tukipima dawa, kama watu wanaochagua mchumba. Ilikuwapo ya kutuliza maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Ile ingempa raha leo na kesho, tumbo lingeivumilia, lakini ugonjwa wenyewe isingeugusa, na taya lingeendelea kufunga huku mbwa anatabasamu. Ilikuwapo predi, vile vidonge vidogo ambavyo hata watu wenye pumu wanapewa. Hiyo inawatuliza wale askari waliopotea njia, lakini inadai: mbwa atakunywa maji kama ana moto tumboni, atakojoa popote, atakula mpaka mumwonee haya, tumbo litashuka, manyoya yatapungua, na kila ugonjwa unaopita njiani utamkamata. Tena ukiianza huiachi ghafla. Unaipunguza kidogo kidogo kwa miezi, na pengine asiiache kabisa, akabaki na kipande kidogo maisha yake yote. Halafu ilikuwapo nyingine, ya kuagiza Dar es Salaam, isiyonenepesha wala kukojoza, lakini lazima damu yake ipimwe mara kwa mara, na kupimwa huko ni safari ya Mbeya na mbwa mgonjwa mapajani.

"Angekuwa wako ungempa ipi?" nilimuuliza.

Akacheka. "Mama, mimi kwetu tuna mbuzi."

"Jibu swali, binti."

Akaacha kucheka. "Predi. Ndiyo inayofungua kinywa upesi. Lakini mjue mnachokichukua, maana atakayemsafishia mikojo si mimi."

Mume wangu akanitazama, mimi nikamtazama, na wote watatu tulijua atakayesafisha ni nani. Tukachukua predi.

Siku za mwanzo nilimponda kidonge, nikakichanganya na uji na kumpitishia pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Glavu mikononi, kanga nimeifunga kifuani, ndoo ya udongo inanisubiri. Niliosha mikono mpaka kucha zikawa laini. Lakini, wallahi, ile dawa ni kitu. Haikupita wiki akaacha kutoa mate. Uvimbe ukashuka. Siku moja nilimwekea usipa mmoja, mkavu, mzima, akauchukua kwa meno ya mbele, akautafuna taratibu huku akinitazama kama anauliza kama inaruhusiwa. Nilimwita mume wangu atoke chooni aje aone.

Bibi mifugo alitaka kila wiki nimpe kipimo cha kinywa. Nipime kwa rula wapi, na mbwa hatulii? Nikawa napima kwa chakula. Nikimwambia "usipa" anajua kinywa kimefunguka upana gani. Nikimwambia "ndizi kisukari" anapiga makofi kwenye simu. Tuliweka ahadi kwamba siku nitakayosema "ndizi mzuzu mbichi na ganda lake" tutapunguza dawa. Tulifika ndizi kisukari haraka, moyo wangu ukawa mweupe kabisa.

Hapo ndipo ulipoingia mwezi mtukufu, na mvua za Kyela zikaingia nao, matope mpaka magotini.

Kidonge kilitakiwa kwenda na chakula, asubuhi na jioni. Nyumbani kwetu asubuhi hakuna tena chakula, kuna daku, na jioni kuna futari. Nikamuuliza bibi mifugo, akasema haina shida, mpe wakati mnaokula ninyi. Basi mbwa akawa anakula daku na sisi na kufuturu na sisi, yeye uani, sisi ndani. Mume wangu alisema mbwa huyu atasilimu kabla ya shemeji zake fulani.

Lakini mambo yalianza kwenda mrama. Tumbo lilishuka likawa kama mfuko wa sokoni. Akawa anahema hata akilala. Akakojoa ghalani, akakojoa barazani, akakojoa kwenye robota la mitumba ambalo hata mimi nilikuwa sijalifungua. Haya yote tuliambiwa, sikulalamika. Kilichonikata maini ni kinywa. Hakikusogea. Nikimwekea usipa mkavu analamba anauacha. Nikimwekea kipande cha ndizi kigumu kidogo anakigeuza kwa pua, anakaa chini, ananitazama kwa huruma kana kwamba mgonjwa ni mimi. Tulirudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Bibi mifugo alikuja katikati ya mwezi, akampapasa shavu, akarudia upande wa pili. Akasema misuli imekonda lakini haijavimba, haelewi. Njia zilizobaki anaziona mbili. Kuongeza predi, na hapo ini lake na sukari yake vitakuwa mashakani, na mwili wenyewe tayari umechoka. Au kuagiza ile ya Dar na kuanza safari za Mbeya, nayo inachelewa kufanya kazi, na kinywa hakitusubiri.

Mume wangu alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, wakaongea. Aliporudi alisimama mlangoni hakuketi.

"Mama watoto, huyu mnyama tunamtesa."

"Nani anamtesa?"

"Sisi. Kwa mapenzi, lakini tunamtesa. Nimemwambia binti, Idd ikipita, kinywa kikiwa bado ni hivi, amchome sindano ya kulala asiamke. Amesema atakuja Idd pili."

Loo! Nilikuwa nimefunga, na mtu aliyefunga hatakiwi kutukana, kwa hiyo nilimwambia mengine yote yasiyo matusi. Nilimwambia amemleta ndani ya tenga na anataka kumtoa ndani ya gunia. Nilimwambia hajawahi kumchotea maji hata kikombe, leo ndiye wa kumpangia siku ya kufa. Alisimama tu ananisikiliza. Kisha nikalia, na ninapolia huwa nalia kwa hasira, vitu vinaanguka. Aliokota vitenge vilivyoanguka, akavikunja vibaya, akavirudisha kwenye rafu. Hakubadili neno lake, na mimi moyoni nilijua hakusema kwa ubaya.

Siku chache baadaye, mchana, jirani yangu wa kwaya aliingia dukani. Alikuwa amevaa vazi la kwenda mahali, na uso wa kwenda mahali. Wenzetu huku hawaingii kwenye neno kabla hawajamaliza salamu, na salamu zenyewe ni ndefu. "Ugonile," akasema, kwamba nimelalaje. "Ndaga," nikaitikia, kwamba asante. Akauliza habari za nyumbani, za mume, za watoto walioko masomoni, za mvua, za mchele. Nikajua kuna jambo zito.

"Dada," akasema hatimaye, "dini yenu mimi naiheshimu. Mwaka jana mlinipa pilau na mimi nikawapa ndizi. Lakini mbwa hana dhambi. Mbona mnamfungisha?"

"Tunamfunga usiku tu," nilisema. "Mchana tunamwachia."

"Sisemi kamba. Nasema mfungo. Ramadhani. Mbwa anafunga Ramadhani, dada, mtaa mzima tunajua. Tunawaona mnampa chakula mkisikia adhana, alfajiri na magharibi. Mchana hamumpi kitu! Anapita nyumba kwa nyumba, anakaa mbele ya sufuria, machozi yanamtoka. Mtoto mdogo wa Mungu jamani!"

Niliweka chini kitenge nilichokuwa nakunja. Halafu nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, nikakaa chini nyuma ya mashuka, na yeye akasimama pale juu yangu amekasirika kweli kweli, akidhani namcheka Bwana wake. Nikamweleza: si mfungo, ni dawa. Dawa ndiyo inayompa ile njaa. Hata ungempa sufuria nzima ya wali, baada ya nusu saa angekuja kukulilia kama yatima.

"Ooh," akasema. Akakaa juu ya robota. Akafikiri. Kisha akaanza naye kucheka, mabega yanapanda na kushuka. "Na sisi tulivyojigawia zamu! Mimi asubuhi nampa uji. Yule mama wa pembeni anampondea ndizi na maziwa. Fundi cherehani saa za chai anamlowekea mkate. Mchana viazi vya kusaga. Hata samaki tunamchambua miiba, tunamsaga, maana si kinywa chake kibovu? Dada, hajawahi kung'ata kitu kwetu, tulimhurumia."

Kicheko changu kilikatika hapo.

"Hajawahi kung'ata kitu?"

"Hata kimoja. Tungemwacha atafune na maumivu yale?"

Nilimpigia simu bibi mifugo jirani bado ameketi. Alikuwa kwenye zizi la mtu, ng'ombe analia nyuma yake. Nikamwambia yote, uji, ndizi, mkate wa chai, zamu. Akamfokea ng'ombe atulie. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Mama, si nilikwambia misuli ikipoa lazima ifanyishwe kazi? Ni kama mguu uliotoka kwenye plasta. Usipoukanyagia unabaki mkavu."

"Nilikuwa nampa vigumu, lakini anaviacha!"

"Ataachaje kuviacha, na mtaa mzima unamlisha kwa kijiko? Anajua nyumba ya nne kuna uji."

Nilimgeukia mbwa. Alikuwa amelala mlangoni na kitu cheupe kimemkaukia kwenye ndevu. Wiki zote zile nimekuwa nikimlilia machozi, yeye anatoka kwenye futari yangu anakwenda kwenye staftahi ya Wamoravian.

Bibi mifugo hakuniahidi kitu. Alisema pengine dawa inafanya kazi vizuri, na pengine taya limeshakufa kweli, hawezi kujua mpaka mbwa atafune. Dozi hagusi, haongezi wala hapunguzi. Mifupa mibichi, ngozi ya ng'ombe ya buchani, vitu vya kuvuta na kung'ang'ania, na hakuna chochote laini kutoka kwa yeyote. Siku zilizobaki mpaka Idd pili zilikuwa chache.

Sasa, nenda ukawaambie watu wa Kyela wakinyime chakula kiumbe kilichokaa mlangoni kwao. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, kwenye matope, koo limekauka na saumu, naomba watu wawe wachoyo. Fundi cherehani aliniuliza kama ninaumwa. Mama wa pembeni alisema, "Nimnyime mbele ya wanangu? Watajifunza nini?" Jirani yangu wa kwaya ndiye aliyenitetea. Alisema hatumnyimi, tunampa vigumu tu, na ambaye moyo wake hauwezi afunge mlango. Wakakubali, lakini kwa nyuso za msibani.

Mbwa hakukubali. Alikwenda kila nyumba kwa saa zake zile zile, akakaa, akalia. Akipewa mfupa anaulamba, anauacha, anaendelea kulia. Kwa jirani alilia kwa sauti ndefu mpaka mama wa watu akaanza kuimba nyimbo za Pasaka kabla ya wakati wake ili asimsikie. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiimba huku analia. Nyumbani kwangu nilimfungia ngozi ya ng'ombe kwenye nguzo, nikawa namchezea nayo kama mpumbavu, navuta huku, yeye ananusa huku. Alikuwa akiishika kidogo kwa meno ya mbele, anaiachia.

Na mimi sikujua. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Akilia siwezi kujua kama ni taya linalouma au ni deko. Siku nyingine anainamisha kichwa upande, mate kidogo, nasema basi, imekwisha, tunamtesa kweli kama baba watoto alivyosema. Siku nyingine anabweka vizuri tu. Nilikuwa nasali tarawehe na akili iko kwenye shavu la mbwa. Mungu ananielewa, nadhani.

Idd ikafika na jua, jambo la ajabu mwezi ule. Mume wangu alivaa kanzu mpya na makubadhi ya ngozi aliyotumiwa na dada yake kutoka Tanga, yale ya ngozi nene, yenye nakshi nyekundu, na alitembea kwenda msikitini akiruka kila dimbwi kama mbuzi. Aliporudi aliyafuta kwa kitambaa, akayaweka barazani juu ya kigoda, akamwambia kila mgeni aliyeingia asiyasogeze. Watu walikula, mtaa ulikula, jirani alipata pilau yake na akaleta ndizi zake. Mbwa alipata mfupa. Akaulamba.

Idd pili bibi mifugo alikuja na mkoba wake. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikampakulia. Alikula kidogo. Mkoba aliuweka chini karibu na mguu wake, na wote watatu hatukuutazama. Mume wangu aliongea habari za bei ya mpunga, akarudia aliyokwisha kusema. Mwisho bibi mifugo akanawa mikono, akauliza kwa sauti ndogo, "Yuko wapi?"

Nikaita. Hakuja. Mbwa aliyekuwa akija ukifunua tu sufuria, nikaita mara ya pili, kimya. Nikafikiri amejua. Wanasema wanajua.

Mume wangu akainuka kwenda kumtafuta, akafika barazani, akasimama. "Kubadhi langu liko wapi?" Juu ya kigoda lilikuwapo moja.

Tulimkuta nyuma ya ghala, kwenye kivuli, amelala juu ya tumbo lake lile kubwa, kubadhi ameliweka katikati ya miguu ya mbele. Nakshi ilikwisha toka. Mume wangu alinguruma, "Wewe! Wewe!" akaenda mzima mzima, akashika kisigino cha kiatu akavuta. Mbwa akavuta. Mume wangu akaegemea nyuma, akavuta kwa mikono miwili, na mbwa akakaza shingo, akatoa mngurumo ambao sikuwahi kuusikia kwake, na hakuachia. Kanzu ya Idd inaburuzika kwenye matope. Nilikuwa karibu kumpigia mume wangu kelele za kiatu ni nini, nikaona ameacha kuvuta.

Alikuwa anatazama. Soli ile ya ngozi mbili zilizoshonwa pamoja ilikuwa imeingia yote mpaka kwenye magego, pande zote mbili.

Bibi mifugo alipiga magoti kwenye matope na gauni lake la sikukuu. Akambembeleza mpaka akaachia, akampitisha mkono chini ya taya, akafungua. Vidole viwili. Vitatu. Mbwa alilalamika kidogo, kwa ajili ya kiatu zaidi kuliko taya. Alimwangalia ulimi, fizi, magego ya mwisho kabisa, akayahesabu yote bila haraka. Alipoinua uso alikuwa analia na anacheka.

"Dawa hatupandishi, mama," akasema. "Tunashusha. Pole pole sana, na kipande kidogo huenda akabaki nacho mpaka uzeeni. Lakini tunashusha."

Mimi ambaye kusema ndiyo kazi yangu nilikaa kwenye ngazi ya ghala nikajifunika kanga uso.

Nilisikia mume wangu anaondoka. Nikamsikia anapanda barazani, kigoda kinaanguka. Nikafikiri, sasa anatafuta fimbo, na leo atanijua. Niliondoa kanga usoni nimejiandaa. Akarudi na kubadhi la pili mkononi, zima, linang'aa, halijachubuka popote. Akachuchumaa mbele ya mbwa na kanzu yake ile yenye matope, karibu kabisa, pua kwa pua, mate yanamdondokea kwenye vidole na wala hayaoni.

"Shika," akamwambia. "Malizia na hili."